Ramani ya ukutani ya Karibi ya Wahispania: ngome safi, ufunguo una kasoro

Ramani hii, mita moja kwa sentimita 70, inaonyesha utawala wa Hispania visiwani Karibi kuanzia 1763 hadi 1825. Maduka ya steshenari Kariakoo yanaiuza shilingi 25,000. Mwalimu wa historia aichukue, ila ajue pa kusahihisha.

Ngome zimechorwa kwa ufundi hasa. Kisanduku cha pembeni kinaonyesha bandari ya Havana, Cuba, pamoja na kontua zake, na hapo mwanafunzi anaona mwenyewe kilichotokea 1762: Waingereza walikamata kilima cha La Cabaña, ambacho hakikuwa na ngome, wakaitwanga El Morro, ngome ya mlango wa bandari, kwa mizinga, kisha wakalipua ukuta wake kwa baruti. Hispania iliporudishiwa mji 1763, ilianza kujenga ngome papo hapo kilimani.

Kilichoharibika ni ufunguo. Gavana amepewa kijani, kapteni jenerali, yaani mkuu wa jeshi la koloni, nyekundu, utadhani ni watu wawili. Havana, na San Juan ya Puerto Rico, vyeo hivyo alivishika mtu mmoja, raia na askari wote chini yake, na huo ndio moyo wa mfumo wenyewe. Amri ya kifalme ya 1825 ilimwongezea yule wa Cuba madaraka ya kamanda wa mji uliozingirwa, yaani karibu yasiyo na mipaka. Intendenti wa Havana, aliyewekwa 1764 kusimamia hazina, hayumo kabisa. Audiencia, mahakama ya rufaa ya mfalme, imebandikwa Santo Domingo mwanzo hadi mwisho, ilhali koloni hilo lilikabidhiwa Ufaransa kwa mkataba wa 1795 na mahakama ikahamia Puerto Príncipe, Cuba.

Pengo kubwa zaidi ni la mishahara ya askari. Vikosi vya Havana na San Juan viliishi kwa fedha ya Mexico iliyopakiwa bandari ya Veracruz. Vita vya uhuru vilipowaka Mexico mwaka 1810, fedha hiyo ikakatika, na Puerto Rico ikalazimika kutoa noti za karatasi. Chora njia hiyo kwa maka pen: Mexico City, Veracruz, Havana, San Juan. Pasipo mstari huo darasa halitaelewa ngome zile zilisimama kwa pesa ya nani.

Chagua yenye vijiti vya mbao juu na chini, iliyofunikwa nailoni pande zote mbili. Ya upande mmoja hujikunja kwa unyevu wa Dar. Ikunjue dukani kabla ya kulipa, utazame Puerto Rico: baadhi ya nakala wino wa buluu umevuja na jina la San Juan halisomeki.