Kupandisha Nissan Leaf kutoka Mombasa hadi Nairobi: uzoefu wangu wa kuchaji njiani

Gari lilitoka bandarini Mombasa mwezi wa Machi. Ni Nissan Leaf ya 2018, gari la umeme lenye betri ya kWh 40, na maandishi ya dashibodi yote ni Kijapani. Wengi wanaoagiza magari haya huyapakia kwenye lori mpaka Nairobi. Mimi niliamua kuliendesha, nikiwa na mke wangu, kwa sababu nilitaka kujua kama gari hili litanifaa kwa safari au litabaki la kwenda kazini na kurudi. Naandika haya kwa yeyote anayejiuliza swali hilohilo.

Nianze na betri, maana ndiyo mfuko wa safari. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji anitumie picha ya LeafSpy, programu ya simu inayosoma hali ya betri kupitia kifaa kidogo unachochomeka chini ya usukani. Afya ilikuwa asilimia 88. Kwa hiyo kWh 40 za kwenye karatasi, kwangu ni kama uniti 34 za kutumia (uniti moja ni kWh moja). Ukinunua Leaf bila kuona namba hiyo, umenunua usichokijua.

Halafu kuna mlima. Ukiwa kwenye gari la petroli huuhisi, lakini Mombasa iko baharini na Nairobi iko mita 1,700 hivi juu yake. Kunyanyua gari la kilo 1,800, pamoja na watu na mizigo, mpaka urefu huo kunakula zaidi ya uniti 8, hata kabla hujahesabu mwendo wenyewe. Hiyo ni robo ya betri yangu. Ndiyo maana anayeshuka kwenda Mombasa na anayepanda kutoka Mombasa hawasimulii safari moja, ingawa barabara ni ileile ya kilomita 480 hivi.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri betri ikiwa imejaa. Mwendo wangu ulikuwa 80, sikuzidisha, na malori ya Mariakani yalinisaidia kutozidisha. Saa mbili asubuhi tukaingia Voi na asilimia 27. Nilikuwa nimepanga kuchaji hapo kwa chaja ya haraka, kwenye kituo cha mafuta ambacho programu ya simu ilikionyesha kwa alama ya kijani, yaani kiko tayari.

Kioo cha mashine kilikuwa cheusi. Kijana wa pampu akaja akipangusa mikono. “Bosi, hii imekataa tangu Jumatatu.” Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nikapiga namba iliyobandikwa ubavuni. Aliyepokea alikuwa na adabu, akajaribu kuiwasha akiwa hukohuko aliko, mara mbili, ikakataa. Nikamuuliza kwa nini kwenye simu bado inaonekana kijani. Akasema ataripoti.

Sitaitaja kampuni. Lakini hili ndilo lalamiko langu kubwa kuliko yote, na nalisema kwa uchungu. Mashine kuharibika naelewa, stima yetu inapanda na kushuka na vumbi la Voi halimhurumii mtu. Kisichoeleweka ni kumwita mtu aje kwenye mashine iliyokufa siku tatu. Kama alama ingekuwa nyekundu, ningelala Mombasa au ningepanga njia nyingine. Mwenye gari la petroli akikosa mafuta hapa anavuka barabara. Mimi nilikuwa na asilimia 27 na Mtito Andei iko karibu kilomita 100 mbele.

Tukatafuta gesti. Tulipata moja nyuma ya mji, ina uwanja mpana na mwarobaini. Nikamwamkia mwenyewe, mama wa makamo, nikamweleza. “Marahaba, mwanangu. Gari linakula stima? Haya, ingia, ila tusome mita kwanza.” Akanipeleka kwenye mita ya tokeni, akaandika namba kwenye kiganja kwa kalamu.

Sehemu hii isomwe kwa makini na kila mwenye Leaf kutoka Japani. Waya wa kuchajia unaokuja na gari umetengenezwa kwa soketi za kwao za volti 200, na unavuta ampea 15 mfululizo kwa saa nyingi. Plagi yake haiingii kwenye soketi zetu. Fundi wa Mombasa aliikata akaweka plagi yetu ya kawaida ya pini tatu, ambayo ni ya ampea 13. Inaingia vizuri, gari linaanza kuchaji, unafurahi. Kumbe unachoma.

Baada ya dakika 40 mke wangu alisema anasikia harufu. Nikaenda. Plagi nyeupe ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa upande wa pini ya kulia, na nilipoishika ilikuwa laini, kidole kikaacha alama. Ilipotoka, tundu la soketi lilikuwa limebonyea na kuwa jeusi. Nilizima kila kitu na kumwita mama, nikamwonyesha nilichoharibu. Hakunifokea. Alitazama ile soketi, akasema, “Afadhali ni saa hii, si usiku tumelala.” Maneno yale bado nayasikia. Nyumba ile ilikuwa na wageni wengine sita.

Fundi wa stima aliyemwita alikuwa mzee mtulivu. Aliuliza swali moja tu: inavuta ampea ngapi? Nilipomjibu akaenda jikoni, akakuta laini nene ya jiko la umeme ambalo mama halitumii, anapikia gesi. Alirudi mjini kununua soketi ya bluu ya duara, ile ya mashine za kuchomelea, ya ampea 16, pamoja na plagi yake. Akaifunga dirishani na kivunja-mkondo chake chenyewe, yaani swichi inayokata stima mzigo ukizidi, akabadilisha kichwa cha waya wangu, na kabla ya kuondoka akakaa nusu saa akishikashika waya kupima joto. Ulikuwa vuguvugu tu, kama kikombe kilichopoa.

Saa sita mchana mpaka karibu saa tatu usiku. Mita ilionyesha uniti 28. Nikamlipa mama shilingi 40 kwa kila uniti, nikalipia soketi zote mbili, iliyoungua na mpya, na kumwachia ile ya bluu. Kulala Voi hakukuwa kwenye mpango, lakini samaki wa mama alikuwa mtamu na asubuhi gari lilikuwa limejaa.

Siku ya pili ilikuwa ya chaja za haraka, na safari hii mke wangu alipiga simu kwenye vituo vyote viwili kabla hatujatoka. Pale Mtito Andei mashine ilifanya kazi. Leaf ina matundu mawili puani, dogo la kuchaji polepole na kubwa la kuchaji haraka kwa mfumo wa Kijapani uitwao CHAdeMO. Wajapani walilichagua jina hilo kwa sababu linakaribia maneno yao ya kumkaribisha mtu chai, na kweli huo ndio muda wake: niliagiza chai na mandazi, nikatoka asilimia 53 mpaka 88 kwa dakika 40. Kichwa chake ni kizito, unakisukuma kwa mikono miwili mpaka kilie “tak”. Usiposikia tak, haichaji.

Lakini kabla hujaenda mahali popote, uliza wana kichwa gani. Magari mapya mengi yanatumia CCS2, na yaliyokuja moja kwa moja kutoka China yana GB/T. Mashine inaweza kuwa nzima, ina stima, haina foleni, na isikufae hata kidogo.

Kituo cha pili, baada ya Emali, nilifika na asilimia 32 na hapo nikaona udhaifu wa gari lenyewe. Betri ya Leaf haina maji ya kuipoza. Ulikuwa mchana, nilikuwa nimepanda mlima, na asubuhi hiyo nilishaichaji haraka mara moja. Mshale wa joto la betri ulikuwa karibu na nyekundu. Mashine ya kW 50 ikanipa 20 tu. Gari linajikinga, na linafanya vyema kujikinga, ila saa nzima ilikwisha nikitazama namba zikitambaa. Waliokuwa na magari ya umeme ya BYD pembeni walikuja baada yangu na kuondoka kabla yangu. Kama safari ndefu ndiyo kazi yako ya kila wiki, usinunue Leaf, tafuta gari lenye betri inayopozwa. Kwa mtu kama mimi, wa safari mbili kwa mwaka, nimeridhika nalo.

Tuliingia Mlolongo saa kumi na moja jioni, na nyumbani tukafika na asilimia 18.

Nyumbani mambo ni mepesi. EPRA, mamlaka ya Kenya inayodhibiti nishati na mafuta, ilipopitisha bei za umeme za 2023 iliweka bei maalumu ya magari ya umeme, shilingi 16 kwa uniti na shilingi 8 saa zisizo na matumizi makubwa, kabla ya kodi na tozo, ingawa lazima uwe na mita ya peke yake. Hata kwa mita ya kawaida sikumbuki mara ya mwisho kusikitika kwa sababu ya gharama ya kuchaji gari hili. Shida yote iko barabarani.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenye gesti na hoteli za barabara ya Mombasa. Hamhitaji mashine ya mamilioni. Soketi moja ya bluu ya ampea 16, laini yake yenyewe, kivunja-mkondo chake, fundi anayejua kazi, na namba ya simu inayopokelewa. Mgeni atalala, atakula, na atalipa stima.

Agosti tuliposhuka Mombasa tulichaji haraka mara mbili tu, lakini tulipita Voi kumsalimu mama. Chini ya mwarobaini palikuwa na Leaf nyingine, ya kijivu, imechomekwa dirishani. Mama aliniuliza kama kuna plagi nyingine anazopaswa kuwa nazo, kwa sababu wiki iliyotangulia alikuja mtu na gari ambalo waya wake haukuingia, akaumia kumwona akiondoka. Nimemtumia picha za vichwa vyote, na fundi anarudi kuongeza soketi ya pili.