Kasri la Kale la Beijing: nenda ukatazame mapaa

Kiingilio ni yuan 60 kuanzia Aprili hadi Oktoba, yuan 40 miezi ya baridi. Tiketi huwekwa mapema kwa pasipoti, na Jumatatu kwa kawaida hufungwa. Ukishaingia, viti vya enzi vipe muda mfupi, kisha inua macho.

Mimi ni fundi wa kuezeka, na kilichonivuta ni pembe za mapaa. Pale mgongo wa paa unaposhuka kuelekea ukingoni, wamepangwa wanyama wa udongo wa kuchoma, manjano yanayong'aa, wakiongozwa na mtu aliyepanda ndege. Imani ni kwamba wanalinda jengo dhidi ya pepo na moto. Fundi ataona kitu kingine pia: msumari. Vigae vya pembeni huvutwa na mteremko, kwa hiyo hushikizwa kwa misumari, na tundu la msumari lisipofunikwa litapitisha maji hadi mbao zioze. Mnyama anakaa juu ya tundu hilo. Mlinzi kweli!

Idadi yao ni cheo cha jengo. Jumba la Qianqing lina 9, Kunning 7, na majumba mengi ya wake wa mfalme 5. Taihedian, jumba kuu la kasri, peke yake lina 10: joka, finiksi, simba, farasi wa mbinguni, farasi wa bahari na wengineo, hadi Hangshi, mwenye sura ya nyani na mabawa, anayeaminiwa kuzuia radi. Na radi waliijua: ukumbi uliosimama hapo uliungua kwa radi mwaka 1421, miezi michache tu baada ya kuzinduliwa, na ukaungua tena baadaye. Wa sasa ni wa 1695.

Taihedian liko juu mno, limeinuliwa kwenye jukwaa la ngazi tatu za marumaru, kwa hiyo bila darubini Hangshi utamkisia tu. Raha yenyewe niliipata kwenye nyua za mashariki na magharibi, ambako mapaa ni ya chini. Hapo unaona meno, magamba, na mahali rangi ilipobanduka udongo ukabaki wazi. Asubuhi jua likiwa chini, kila mnyama anajitenga na mwenzake.

Wageni wengi humalizia kilimani Jingshan, nje ya lango la kaskazini. Bahari ya vigae vya manjano inapendeza kutoka kule, ila hao wanyama huwaoni vizuri. Miguu ikichoka, acha kilima, rudi kwenye nyua za mashariki.