Fantasy Premier League: mizani sahihi ya usajili, mizani mbovu ya benchi

Fantasy Premier League ni mchezo rasmi wa Ligi Kuu ya Uingereza. Huchezwa bure kwenye tovuti na kwenye programu ya simu, na katika msimu wa 2024/25 idadi ya washiriki wake ilivuka milioni 11 duniani kote. Hapa kwetu Afrika Mashariki umeenea kiasi kwamba ni nadra kukuta ofisi, kijiwe au kundi la WhatsApp la mashabiki lisilokuwa na ligi yake ndogo. Ninautathmini kama shabiki wa Arsenal, na kwa kigezo kimoja tu: je, unamfundisha shabiki kuamua vizuri kuhusu usajili na upana wa kikosi (yaani kuwa na wachezaji wa akiba wanaoweza kuziba pengo), mambo mawili ambayo katika misimu ya karibuni yamechangia sana kuamua nani anatwaa ubingwa na nani anamaliza wa pili? Jibu langu ni kwamba katika usajili unafundisha vizuri sana, na katika upana wa kikosi unapotosha.

Kwa asiyeujua, kila mshiriki hupewa pauni milioni 100 za kufikirika ili asajili wachezaji 15: makipa wawili, mabeki watano, viungo watano na washambuliaji watatu, wasiozidi watatu kutoka klabu moja. Kila raundi hupanga wachezaji 11, humteua nahodha ambaye pointi zake huzidishwa mara mbili, na huwapanga wale wanne wa benchi kwa mfuatano wa nani aingie kwanza. Pointi hutokana na yanayotokea uwanjani kweli: mabao, pasi za mabao, kutoruhusu bao, kuokoa michomo, na makato kwa kadi au bao la kujifunga. Kila wiki mshiriki hupata nafasi moja ya kubadilisha mchezaji bila gharama. Akitaka kubadilisha wengi kuliko nafasi alizonazo, hukatwa pointi nne kwa kila mmoja wa ziada.

Makato hayo ya pointi nne ndiyo kiini cha mchezo, na ndiyo sababu ninauheshimu. Bao moja la mshambuliaji lina thamani ya pointi nne vilevile; kwa hiyo anayemwondoa mchezaji kwa hasira baada ya mechi moja mbaya, hali hana nafasi ya bure, anaanza wiki inayofuata akiwa nyuma kwa bao zima. Mashabiki tumezoea kudai klabu zetu zimwuze huyu na zimnunue yule bila kutaja gharama yoyote, na hapa gharama inaonekana palepale kwenye jedwali, mbele ya ndugu na marafiki. Hata bei ya kuuza imewekwa kwa busara: uliyemnunua kwa milioni 5.0 akipanda hadi 6.0, utamuuza kwa 5.5, kwa sababu nusu ya faida hubaki kwa mchezo. Anayehangaika kununua na kuuza kila wiki ili akuze mtaji hugundua kwamba faida yake ni ndogo kuliko alivyodhani.

Mfano bora wa somo hili ni Cole Palmer. Chelsea ilimnunua kutoka Manchester City Septemba 1, 2023, siku ya mwisho ya dirisha la usajili, kwa pauni milioni 40 pamoja na nyongeza, wakati ambapo alikuwa amecheza dakika chache sana za ligi chini ya Pep Guardiola. Katika mchezo alianza msimu huo akiwa na bei ya milioni 5.0, na akaumaliza akiwa na pointi 244, nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote. Waliomwona mapema hawakuwa wabashiri. Waliangalia mambo mawili ambayo mkurugenzi yeyote wa usajili angeyaangalia, yaani kama ana uhakika wa kuanza na kama amepewa jukumu la penalti, na kweli tisa kati ya mabao yake 22 ya ligi yalitokana na penalti. Mchezo unaomzoesha shabiki wa kawaida kuuliza maswali hayo kabla ya kuangalia jina la mchezaji unastahili sifa.

Msimu wa 2024/25 waandaaji walifanya badiliko ambalo naliona kubwa kuliko yote ya miaka ya karibuni: nafasi za bure ambazo mshiriki anaweza kuzitunza ziliongezwa kutoka mbili hadi tano. Kabla ya hapo, mwenye subira alilazimika kutumia nafasi zake hata kama hakuwa na haja, kwa sababu ya tatu ingepotea. Sasa anaweza kukaa wiki kadhaa bila kugusa kikosi, kisha akabadilisha theluthi nzima ya wachezaji wake kwa mpigo ratiba inapogeuka. Subira imepata malipo, na kwa maoni yangu hilo limeufanya mchezo uwe wa haki zaidi kwa mtu mwenye kazi na familia ambaye hawezi kufuatilia kila mkutano wa makocha na waandishi wa habari.

Lakini badiliko hilohilo ndilo lililozidisha kasoro ninayoilalamikia. Mwenye nafasi tano mkononi hahitaji benchi. Mchezaji wake akiumia Jumamosi, kufikia raundi inayofuata amekwishamwondoa na kumleta mwingine aliye katika kiwango bora, kwa kuwa dirisha la usajili la mchezo huu hufunguliwa kila wiki kuanzia Agosti hadi Mei. Klabu za kweli hazina neema hiyo, na sisi wa Arsenal tulilijua hilo kwa uchungu. Desemba 2024 Bukayo Saka aliumia msuli wa paja. Januari 2025 Gabriel Jesus akaumia vibaya goti katika mechi ya Kombe la FA dhidi ya Manchester United. Dirisha la Januari likafungwa bila mshambuliaji mpya. Na Februari, kikosi kikiwa kambini Dubai, Kai Havertz naye akapata jeraha la paja. Mikel Arteta akalazimika kumtumia Mikel Merino, kiungo, kama mshambuliaji wa kati. Merino alijitahidi kupita matarajio, akafunga mabao mawili Leicester na moja dhidi ya Real Madrid, lakini Liverpool ilitwaa ubingwa kwa pointi 84 nasi tukamaliza wa pili kwa 74, msimu wa tatu mfululizo katika nafasi hiyo. Mtu aliyejifunza soka kupitia Fantasy peke yake angesema Arsenal ingembadilisha Havertz wiki iliyofuata. Haikuwezekana, na ndiyo maana mjadala wa upana wa kikosi unapaswa kufanyika Julai, wakati kila mchezaji bado ni mzima.

Kuna wanaoitaja Liverpool ya msimu huohuo kama ushahidi wa kinyume, kwa kuwa katika dirisha la kiangazi la 2024 mchezaji pekee aliyeongezwa kikosini alikuwa Federico Chiesa. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau kwamba kocha Arne Slot alirithi kikosi ambacho tayari kilikuwa kipana katika ushambuliaji, na kwamba Mohamed Salah alicheza mechi zote 38 za ligi akafunga mabao 29 na kutoa pasi za mabao 18, jumla iliyompa pointi 344 katika Fantasy, rekodi ya mchezo wenyewe. Hakuna klabu inayoweza kupanga mipango yake kwa kutegemea kwamba nyota wake hataumia mwaka mzima.

Sasa nirudi kwenye benchi la Fantasy, maana hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Mchezaji wa akiba huingia tu pale ambapo aliyepangwa hakucheza hata dakika moja. Nahodha wako akiingizwa dakika ya 89, akagusa mpira mara mbili, unapata pointi moja yake (mbili baada ya kuzidishwa) na beki wako wa akiba aliyefunga bao anabaki amekaa na pointi zake zote. Kocha wa kweli anapomwanzisha mtu benchi huwa ameshampanga mwingine wa kuanza mahali pake. Mshiriki wa Fantasy anaadhibiwa kwa uamuzi huo na hana jinsi ya kujikinga, hata kama amewekeza katika wachezaji wa akiba walio bora. Matokeo yake ni kwamba karibu kila mtu anafuata njia moja: anatumia sehemu kubwa ya fedha kwa 11 wa kwanza, kisha anajaza benchi kwa mabeki wa milioni 4.0 ambao klabu zao wenyewe haziwapangi, na kipa wa pili ambaye hatadaka mechi hata moja. Akitokea kipa wa 4.0 anayecheza kweli, kama Martin Dúbravka alipoanza msimu wa 2025/26 langoni mwa Burnley, washiriki humkimbilia kwa wingi. Huo si upana wa kikosi. Ni kubana matumizi, na mchezo unakupa zawadi kwa kufanya hivyo.

Ipo turufu ya benchi, inayohesabu pointi za wachezaji wote 15 katika raundi moja, na msimu wa 2025/26 kila mshiriki alipewa mbili, moja kwa kila nusu ya msimu, sawa na turufu nyingine za kubadili kikosi kizima na za kumzidisha nahodha mara tatu. Nilitumaini kwamba turufu mbili zingewalazimisha watu kuwa na benchi la maana. Kwa sehemu zimefanya hivyo, lakini ni kwa raundi mbili kati ya 38, na mwenye turufu ya kubadili kikosi kizima anaweza kuandaa benchi zuri kwa wiki hiyo tu kisha akalibomoa.

Badiliko jingine la msimu huo limenipa faraja zaidi: pointi mbili za kazi ya ulinzi. Beki anayefikisha matendo 10 ya kuondosha mipira, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kukaba hupata pointi mbili za ziada. Kiungo na mshambuliaji hutakiwa kufikisha 12, ila wao huhesabiwa pia mipira waliyoirudisha miguuni mwa timu yao. Piga hesabu uone maana yake kwa benchi. Beki wa bei ndogo katika timu inayoshambuliwa sana, akicheza dakika zote na timu yake ikafungwa bao moja, zamani aliondoka na pointi mbili tu. Sasa anaweza kuondoka na nne. Marcos Senesi wa Bournemouth alionyesha mapema kwamba beki wa aina hiyo ni mali. Kwa mara ya kwanza kuna sababu ya kweli ya kuwa na beki wa nne na wa tano wanaocheza kila wiki, na viungo wanaofanya kazi isiyoonekana, watu kama Declan Rice na Moisés Caicedo, wanapata sehemu ya heshima waliyonyimwa muda mrefu.

Kuhusu AFCON sikubaliani na waandaaji. Mashindano ya Morocco yalianza Desemba 21, 2025 na kuwachukua wachezaji kama Salah, na kila mshiriki akajaziwa nafasi zake hadi kufika tano katika raundi ya 16. Ulikuwa ukarimu, lakini ukarimu huo ulifuta tofauti kati ya aliyejiandaa na ambaye hakujiandaa. Tarehe za AFCON zilijulikana mapema mno. Aliyejaza kikosi Waafrika watano Novemba alistahili kupata taabu Desemba, kama kocha wa klabu anavyoipata.

Kwa upande wa matumizi, programu ni nyepesi, haili bando kubwa, na hufunguka hata kwenye simu ya bei ya kawaida, ingawa lugha yake bado ni Kiingereza. Anayeanza ajihadhari na saa. Usajili hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi: mechi ya mapema ya Jumamosi hufunga mlango saa saba mchana kwa saa zetu, na Uingereza ikirudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba, mlango hufungwa saa nane; kukiwa na mechi ya Ijumaa usiku, wengi hupitwa kabisa. Ligi ndogo za marafiki ndizo zinazoupa mchezo ladha, na ningeshauri kiingilio cha fedha kiwe kidogo au kisiwepo kabisa, kwa kuwa mvuto wake mkubwa ni kwamba hauhitaji mtu kuweka dau.

Ninaupendekeza bila kusita kwa yeyote anayetaka kujifunza kufikiri kabla ya kudai usajili. Ila waandaaji wangenisikiliza ningewaomba sheria moja tu: mchezaji aliyecheza chini ya dakika 15 akitokea benchi ahesabiwe kama hakucheza, iwapo wa akiba aliyepangwa mbele ya foleni amepata pointi nyingi kuliko yeye. Sheria hiyo ikiwepo, nitaona faida ya kulipa milioni 5.5 kwa beki wa nne, nitapunguza fedha za nahodha, na kipa wangu wa pili atakuwa mtu anayedaka.