Programu ya kupanga zamu: nyota 3 kati ya 5

Nilianza kuitumia siku mhasibu aliponiwekea mezani karatasi yenye majina 3 ya watu wa kupunguza. Nasimamia kiwanda kidogo cha uchapishaji chenye wafanyakazi 22, na mishahara ilikuwa imetuzidi kimo. Nikaomba nipewe miezi 4 kabla ya kumwita mtu yeyote ofisini.

Wiki 2 za kwanza ni kuingiza majina na saa tu, kazi ya kuchosha. Wiki ya tatu ndiyo iliyonitoa macho. Ukurasa wa ovataimu ulionyesha kwamba karibu saa zote za ziada zilitoka idara moja, ya kujalidi. Wajalidi walikuwa wakiripoti saa 2 asubuhi pamoja na wachapaji, wakakaa kungoja karatasi zikauke hadi karibu adhuhuri, kisha jioni tukawalipa saa moja kwa bei ya saa moja na nusu wamalizie. Na mimi miaka yote nikiwasifu kwa kujituma! Tukasogeza zamu yao ianze saa 5. Ovataimu ya mwezi ikashuka kutoka saa 140 hadi 46. Mshahara wa msingi haukuguswa, ingawa wawili walinuna, maana ile ya ziada walishaipangia matumizi. Siwalaumu.

Jedwali la ujuzi nalo ni zuri. Lilinionyesha kwamba mashine ya kukata karatasi ilijulikana na fundi mmoja tu. Akienda likizo tulikuwa tunatafuta kibarua wa kutoka nje. Sasa amewafundisha wenzake 2, na mzee wa stoo alipostaafu hatukuajiri mwingine, kazi zake tukazigawana.

Sasa kasoro. Kuna kitufe cha "Pendekeza", na pendekezo lake ni lile lile kila mara: mashine ikisimama, watu warudishwe nyumbani bila malipo. Kwa hesabu za programu hiyo ni akiba. Haijui kwamba fundi aliyerudishwa mara 3 mara ya nne yuko kwa mshindani wako, nawe unaanza upya kufundisha mgeni. Siku za likizo zisizotumika pia haizihesabu, wakati zile ni deni: mtu akiondoka unazilipa.

Tena haina njia ya kupunguza saa kwa wote kwa usawa, na wazo hilo si geni. Lincoln Electric, kampuni ya Marekani ya vifaa vya kulehemu, tangu 1958 iliwaahidi wafanyakazi waliotimiza miaka kadhaa kazini kwamba hawataachishwa kazi biashara ikizorota, ila saa zao zingeweza kushuka hadi 30 kwa wiki. Hesabu ya namna hiyo niliifanya kwa kalamu usiku, tukaiweka akiba kwa miezi mikavu baada ya kukaa na wafanyakazi wenyewe.

Nimelipia mwaka mzima. Nyota ya nne nitaiongeza siku watakapokiondoa kile kitufe.