NBA kwa saa za Zanzibar: uzoefu wangu na League Pass

Mechi ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, inayoanza saa moja jioni New York, kwetu Unguja inaanza saa tisa usiku. Hilo ndilo la kulijua kabla hujatoa hata shilingi kulipia League Pass, huduma ya kutazama mechi hizo kwa intaneti. Watu huniuliza kuhusu picha, bei, na simu gani inafaa, na mimi huwajibu kwanza kwa saa. NBA ina timu 30, kila moja inacheza mechi 82 za msimu wa kawaida kuanzia Oktoba hadi Aprili, na nyingi kati ya hizo zinachezwa sisi tumelala au tunaamka kwa ajili ya Sala ya Alfajiri. Anayelipia akitegemea kukaa nayo kama anavyokaa na ligi ya Uingereza Jumamosi jioni, Novemba haitakwisha kabla hajachoka.

Ninaishi Bububu, kazi yangu iko mjini, na saa moja na nusu asubuhi natakiwa niwe kwenye meza yangu. Timu yangu ni Golden State Warriors. Nimeipenda kwa ajili ya mchezaji wao Stephen Curry, lakini nimebaki nayo pia kwa sababu ya saa zake, na ninasema hivi kwa dhati kabisa: mshabiki wa Zanzibar ambaye bado hajachagua timu, aangalie pwani ya magharibi ya Marekani. Warriors wakicheza kwao San Francisco saa moja jioni, hapa ni saa kumi na mbili asubuhi. Nimeshasali, chai ipo, watoto wanavaa nguo za skuli, na mimi napata robo ya kwanza kabla ya kutoka. Lakers, Clippers, Sacramento, Portland, wote wana saa hizo hizo wakiwa nyumbani. Ukichukua Boston au Miami umejichagulia usiku wa manane.

Raha hiyo hupungua Machi. Jumapili ya pili ya mwezi huo Wamarekani husogeza saa zao mbele na sisi hatusogezi, kwa hiyo mechi ya saa kumi na mbili inakuja saa kumi na moja, ambao ndio wakati wa adhana. Inabaki hivyo mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mtoano wote na fainali zote ziko ndani ya kipindi hicho. Fainali, kwa kawaida, huanza saa tisa na nusu usiku wetu.

Sasa nije kwenye huduma yenyewe. League Pass ni huduma ya ligi wenyewe, unaipata kwenye programu ya NBA ya simu, kompyuta au televisheni yenye intaneti. Unaweza kulipia mwezi au msimu, ligi nzima au timu moja. Yote hayo ni ya kawaida. Kilichonifanya niendelee kulipa ni vitu viwili ambavyo watu wengi hawavigusi: kuficha matokeo, na kuianza mechi pale unapotaka wewe.

Ukiingia kwenye mipangilio kuna swichi ya kuficha matokeo. Ukiiwasha, programu inakuonyesha kwamba Denver wamecheza na Phoenix, basi, hakuna namba. Unabonyeza mechi ya usiku uliopita saa mbili usiku baada ya Isha, inaanza tangu mpira unarushwa juu katikati, na hujui lolote. Kwangu mimi hiyo ndiyo mechi ya moja kwa moja. Saa ya mchezaji na saa yangu si lazima zilingane, ilimradi mwisho hakuna aliyenipokonya.

Na mechi ikiwa inaendelea unaweza kuisimamisha, ukaondoka, ukarudi ukaendelea pale pale. Mfano wangu mkubwa ni mechi ya kwanza ya fainali ya 2025, Oklahoma City Thunder na Indiana Pacers. Huku ilikuwa alfajiri ya Ijumaa, Juni 6. Adhana ilinikuta robo ya tatu. Nikasimamisha, nikaiacha simu nyumbani, nikaenda msikitini, nikasali kwa utulivu bila kuwaza nini kinanipita. Niliporudi nikaendelea, na mapema robo ya nne Oklahoma City walifika kuongoza kwa pointi 15 ndani ya uwanja wao. Mnajua kilichotokea. Indiana hawakuwahi kuongoza mechi ile hata mara moja mpaka zilipobaki sekunde 0.3, Tyrese Haliburton aliporusha ule mpira, 111 kwa 110. Nilipiga ukelele mke wangu akatoka jikoni mbio akidhani kuna mtu ameanguka. Kama ningekuwa na televisheni ya kawaida tu, ningechagua kati ya sala na robo ya nne, na ningeikosa robo ya nne ile. Oklahoma City baadaye walichukua ubingwa katika mechi ya saba, 103 kwa 91, na Haliburton akaumia kano ya kisigino katika mechi hiyo hiyo. Hiyo nayo niliitazama kwa mtindo huo huo, na iliniuma sana kwa ajili yake.

Ramadhani ni kipindi changu bora cha mwaka kwa NBA, na miaka hii imeangukia msimu ukiwa umekolea. Nyumba nzima imeamka kwa daku, taa zinawaka mtaani kote, na mechi za mashariki zinaendelea mbele ya sahani. Alfajiri ya Machi 14, 2025 tulikuwa katika swaumu, Warriors na Sacramento, na robo ya tatu Curry akafunga kikapu chake cha pointi tatu cha 4,000. Hakuna binadamu mwingine aliyewahi kufika hapo katika ligi ile. Nilimwamsha mwanangu mkubwa aliyekuwa amerudi kulala baada ya sala. Nikamwambia pia habari ya Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, aliyekuwa akifunga swaumu huku akicheza kwa Houston: Februari 1995, mwezi wa Ramadhani, ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa mwezi, na msimu huo Houston wakachukua ubingwa wao wa pili mfululizo. Mtoto wa Kizanzibari anatakiwa alijue jambo hili. Ukiwa na swaumu ukaona mtu mwenye swaumu yako anawashinda majitu ya kule, kiu inakaa kando.

Kuhusu gharama, usihesabu malipo ya huduma peke yake. Bando ndilo linalokula fedha. Picha ya HD hula takriban gigabaiti 3 kwa saa, na mechi moja, ingawa mchezo wenyewe ni dakika 48, ukijumlisha mapumziko na kusimama inakwenda saa mbili na nusu hivi. Piga hesabu mwenyewe kwa mechi nne za wiki. Mimi hushusha ubora nikiwa na simu. Kwenye kioo kidogo huoni tofauti ya kukusikitisha, na matumizi hushuka hadi chini ya gigabaiti moja kwa saa. HD naiwekea mtoano.

Wengi wetu tunanunua bando la usiku kwa sababu ni rahisi. Hapo pana mtihani mdogo: bando langu linaisha saa kumi na mbili asubuhi, yaani dakika ile ile Warriors wanapoanza kucheza nyumbani. Kwa hiyo bando hilo nimeligeuza la kupakulia. Daraja la juu la malipo linakuruhusu kupakua mechi ukaitazama bila mtandao. Nikiamka naiweka mechi ya jana ipakuliwe, inamaliza kabla ya saa kumi na mbili, na naitazama kwenye daladala ya 502 kwenda mjini na kurudi. Barabara ile ikiwa na foleni, namaliza nusu nzima. Daraja hilo hilo pia halikuwekei matangazo ya biashara wakati wa mapumziko. Unabaki na yanayoendelea uwanjani, wachezaji wanarudi kwa kocha, muziki, watoto wanacheza. Mimi nalipenda hilo kuliko nilivyotarajia. Ndiyo wakati unaohisi kuwa upo.

Malipo yanataka kadi ya Visa au Mastercard. Kadi ya benki yangu ilikataliwa siku ya kwanza na pale dirishani hakuna aliyeweza kunieleza kwa nini. Nikatumia kadi ya mtandaoni inayotolewa kupitia pesa za simu, ikakubali papo hapo, na ni njia ninayoipendekeza pia kwa usalama, maana unaweka kiasi unachotaka tu. Kumbuka kwamba huduma hujihuisha yenyewe msimu mpya ukija. Kama hutaki, izime mapema.

Wapo watakaoniambia kuna viungo vya bure. Vipo, na nimevitumia miaka. Matangazo ya kamari yanafunika kioo, ukibonyeza unapelekwa pengine, na dakika mbili za mwisho ndipo watu wanapojaa na picha inaganda. Dakika mbili za mwisho ndiyo kikapu chenyewe! Zaidi ya hayo, kwenye kiungo cha bure huwezi kurudi nyuma wala kuanza mwanzo, kwa hiyo unarudi kuwa mtumwa wa saa tisa usiku.

Mtandao wetu lakini ni mtandao wetu. Mei 2024, nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zilipokatika, tulikuwa katikati ya nusu fainali za kanda, na siku zile hakuna mechi nzima iliyofunguka kwangu. Zilizoniokoa ni zile mechi zilizofupishwa, ambazo hukata muda wote wa kusimama na kukuachia mchezo wenyewe. Nikasubiri, nikazitazama usiku wa manane watu wakilala. Nilizipenda kiasi kwamba sasa, kwa timu nisizozishabikia, sitazami mechi nzima tena. Hizo fupi zinatosha kujua nani anacheza vipi.

Adui mkubwa wa kuficha matokeo ni watu unaowapenda. Mtoto wa ami yangu anaishi Toronto, na ni Raptors damu tangu ubingwa wa 2019, enzi ya Kawhi Leonard na Pascal Siakam wa Kameruni. Yeye anatazama saa tatu usiku kwao kwa raha zake, kisha ananiandikia. Tumekubaliana kwa heshima: hanitumii neno lolote la mechi mpaka mimi nianze. Kwenye kundi la WhatsApp la washabiki wa hapa nimelifunga lisilie mpaka nimemaliza. Ukitaka huduma hii ikufae, hayo uyafanye mwanzo, siku ile ile unayolipa.

Mara moja saa zetu zilinipendelea mimi badala yake. Februari 2, 2025, Luka Dončić alipohamishwa kutoka Dallas kwenda Lakers, na Anthony Davis akaenda Dallas, kule Toronto ilikuwa saa sita usiku imepita kidogo. Huku ilikuwa Jumapili saa mbili asubuhi. Nilimpigia simu mimi yule mtoto wa ami, akaamka hajui kitu, akaniambia kaka wacha mzaha. Tulizungumza karibu saa nzima. Habari nzito za kikapu cha Marekani nikampa mtu wa Toronto nikiwa barazani kwangu Bububu.

Ninachokihitaji zaidi ni sauti. Unaweza kuchagua watangazaji wa timu ya nyumbani au wa wageni, na hilo ni zuri sana, maana watangazaji wa timu wanawajua vijana wao kwa undani. Lakini ni Kiingereza. Mama yangu anapenda kutazama, anamjua Giannis, anamjua Curry, na akiuliza kwa nini mwamuzi amepuliza inabidi mimi nisimamishe nimweleze. Mtangazaji wa Kiswahili angemfungulia mama mlango. Na si mama peke yake. Barazani kwenye kahawa wapo wazee wanaokumbuka vizuri mwaka 2009, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alipochaguliwa wa pili katika dunia nzima na Memphis, katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Curry aliyekuwa wa saba. Wazee wale hawakuwa wakifuata kikapu, lakini siku ile walifuata.

Kwa anayetaka kujaribu, ushauri wangu ni kulipia mwezi mmoja tu, na mwezi huo uwe Disemba. Sikukuu ya Krismasi kuna mechi tano mfululizo, na ya kwanza huanza saa sita mchana New York, ambayo kwetu ni saa mbili usiku. Mwaka 2024 tuliikalia nyumba nzima: New York Knicks na San Antonio, Victor Wembanyama akafunga pointi 42 na bado Knicks wakashinda 117 kwa 114. Januari pia, Jumatatu ya tatu, siku ya kumbukumbu ya Martin Luther King, huwa na mechi za mchana wao. Ukitazama hizo, ukajaribu pia wiki mbili za mechi za usiku ukiwa umeficha matokeo, utajua kama nafsi yako inaweza. Kama inaweza, subiri bei ya msimu ishuke, maana huwa inashuka msimu ukishafika katikati, kisha lipia mpaka Juni. Mechi zilizokwishachezwa utazikuta humo.