Miezi minane na Anki: vitenzi vikaidi (visivyofuata kanuni) vya Kiitaliano

Mimi ni mhudumu wa mezani hapa Malindi, mji ambao Kiitaliano hukisikia sokoni, ufuoni na hata kwa madereva wa tuktuk. Nilikiokota hivyo, kwa masikio. Kwa miaka minne nilisema io andare, io venire (“mimi kwenda, mimi kuja”), kitenzi kikiwa kama kilivyo kwenye kamusi. Wageni walinielewa. Lakini nilipoamua kufanya CILS, mtihani wa Kiitaliano kwa wageni, ngazi ya B1 (ya kati), nilijua hiyo haitoshi.

Darasa la jioni nililoanza nalo lilitukaririsha majedwali ya “ninaenda, unaenda” mpaka “wanaenda”: vado, vai, va, andiamo, andate, vanno. Nilighani vizuri. Ila mgeni akiniuliza wenzangu wanaenda wapi, ilibidi nianze kughani kutoka juu mpaka nifike vanno, na mazungumzo hayasubiri.

Anki ni programu ya kadi: mbele swali, nyuma jibu. Ukipata, kadi inarudi baada ya siku kadhaa, baadaye wiki, baadaye miezi. Ukikosa, inarudi leo leo. Kwa simu za Android, AnkiDroid ni ya bure, na unasoma bila intaneti. Ya iPhone inauzwa.

Kwanza nilipakua kadi zilizotengenezwa na mtu mwingine. Zilikuwa majedwali yale yale, nikaziacha baada ya wiki mbili. Nikaanza kuandika zangu, kila moja sentensi ya kazini yenye pengo: Domani ___ alle sette (kesho ___ saa moja). Jibu: vengo, ninakuja.

Kuziandika ndiko kulikonifumbua macho. Vengo na vengono (kuja), tengo na tengono (kushika), rimango na rimangono (kubaki), salgo na salgono (kupanda): ile g inayoingia kwa “mimi” inarudi kwa “wao”. Kwa “sisi” na “ninyi” kitenzi kinatulia, veniamo, venite. Uscire, kutoka, nacho kina mwendo wake: esco, escono, lakini usciamo. Basi kitenzi kimoja hakihitaji kadi sita, tatu zinatosha. Bere, kunywa, ilinitesa mpaka nilipojua kwamba zamani ilikuwa bevere, hapo bevo, bevi na bevuto vikakaa sawa.

Na sisi Waswahili tuna mtaji ambao walimu hawautaji. Nafsi kwetu imo ndani ya kitenzi. Vengo ni “ninakuja”, neno moja kwa neno moja, ila sisi tunabadilisha kichwa na wao wanabadilisha mkia. Hata ukaidi tunaujua: kuja ina njoo, kuleta ina lete. Nilipoliona hilo, ile io ya kila sentensi ikaniondoka.

Anki imenifaa zaidi kwenye maumbo ya jambo lililokwisha tendeka: aperto (-mefunguliwa), chiuso (-mefungwa), rotto (-mevunjika), messo (-mewekwa), preso (-mechukuliwa), scritto (-meandikwa). Mengi ya haya ni kukariri tu, na mimi nayahitaji kila siku, maana glasi zinavunjika na bili zinafungwa. Dakika 20 alfajiri kabla ya zamu zimenitosha. Niliposafiri wiki mbili bila kuzigusa, nilikuta kadi zaidi ya 300 zikinisubiri, nikazilipa kidogo kidogo. Kuongea, hata hivyo, hakutoki kwenye kadi. Kila neno jipya nalitumia mezani siku hiyo hiyo.

Sasa nimeingia congiuntivo, umbo la kitenzi la matakwa na mashaka. Vengo inazaa venga, tengo inazaa tenga, esco inazaa esca. Kadi kumi za kwanza nimeziandika jana usiku.