Nilimfuata Laocoön Vatikani, nikaishia kufokewa

Hasira haijanipoa, kwa hiyo naandika kama ilivyokuwa. Miezi kadhaa nyuma nililipia ziara ya kuongozwa kwenye Makumbusho ya Vatikani. Nia yangu ilikuwa moja: kuiona sanamu ya kale ya Laocoön, kuhani wa Troia, mji wa hadithi za Wagiriki, anayekabwa na nyoka pamoja na wanawe wawili. Foleni tuliikwepa, tiketi zilikuwa tayari. Hapo sina neno.

Tulipofika kwenye ua alimowekwa, kiongozi wetu akasema ni kazi ya Wagiriki, imechongwa kwenye jiwe moja, pigeni picha twende. Jiwe moja! Hayo ni maneno ya Plinius, mwandishi Mroma wa karne ya 1, aliyetaja pia wachongaji wake watatu kutoka Rhodes, kisiwa cha Wagiriki. Marumaru ile imeungwa kwa vipande kadhaa, jambo linalojulikana zamani sana.

Nikauliza kwa adabu habari za mkono wa kulia wa Laocoön. Akanijibu mbele ya watu wote kwamba kama nataka darasa niende chuo kikuu.

Na mkono ule ndio kisa chenyewe! Sanamu ilipofukuliwa kwenye shamba la mizabibu mjini Roma, Januari 1506, mchongaji Michelangelo alikuwa miongoni mwa waliowahi kuiona, na mkono haukuwepo. Baadaye ikawekewa mkono ulionyooshwa juu, wa mtu anayeelekea kushinda. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ludwig Pollak, mwanaakiolojia na mfanyabiashara wa sanaa, akakuta kwa fundi mawe mmoja mkono wa marumaru uliokunjwa, akahisi unahusiana na Laocoön, akaukabidhi Vatikani. Ulirudishwa begani mwishoni mwa miaka ya 1950. Mkunjo ule unageuza kila kitu: baba huyu hashindi, amezidiwa. Pollak naye, kwa kuwa alikuwa Myahudi, alikamatwa na Wanazi Roma mwaka 1943 akapelekwa Auschwitz, hakurudi. Mtu kama huyo hatajwi hata jina?

Nilikusudia kuwapa nyota tatu kwa ajili ya foleni. Kila nikikumbuka sauti ya yule kiongozi, zinabaki mbili. Nililalamika ofisini kwao, nikapokea ujumbe wa kunishukuru kwa kuwa mteja wao. Basi, moja.

Mwenye haraka ya kuingia tu awalipe. Anayemtaka Laocoön akate tiketi mwenyewe mapema, aende akasimame mbele ya lile bega la kulia mpaka aridhike. Mimi pesa yangu bado naidai.